Maswali ya Wasomaji: Kiwavi Mwenye Vichwa Vitatu

SWALI: Kwetu, nje kidogo ya Nakuru, huota kimea kifupi chenye maua ya samawati ambacho marehemu bibi alikuwa akituchemshia tuliposhikwa na homa, na uchungu wake ulishinda shubiri. Mwaka mmoja viwavijeshi walivamia malisho, wakala majani yote, lakini kimea hicho wakakiacha kimesimama peke yake. Mwalimu mmoja ameniambia kwamba kina homoni ya wadudu. Mmea unapataje homoni ya mdudu, nami naweza kuinyunyizia mahindi yangu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa maelezo yako, yaelekea unauzungumzia mmea ambao wataalamu huuita Ajuga remota, na mwalimu wako amesema kweli.

Mwili wa kiwavi umevikwa gamba lisilotanuka sana, kwa hiyo anapokua hana budi kulivua mara kadhaa. (Kujivua gamba kwa kiwavi, tofauti na kule kunakotangazwa majukwaani, huwa kwa hakika.) Kazi hiyo huanzishwa na homoni iitwayo ekidisoni, ambayo hutengenezwa na tezi za kifuani kutokana na kolesteroli aliyoipata mdudu katika chakula, kisha hugeuzwa mwilini kuwa umbo lenye nguvu zaidi. Inapopanda, ngozi huachana na gamba la zamani na kuanza kujenga jipya chini yake. Lakini ili mdudu aweze kutoka ndani ya gamba kuukuu, homoni hiyo lazima ishuke tena. Naomba uikumbuke nukta hiyo, kwa kuwa ndiyo mtego wenyewe.

Kuipata homoni hiyo kutoka kwa wadudu kulikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1954, Adolf Butenandt na Peter Karlson wa Ujerumani walichakata kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri wakaambulia miligramu 25 tu. Ili kujua ni sehemu gani ya mchuzi wao iliyobeba homoni, walitumia funza wa nzi. Ukimfunga funza kwa uzi katikati kabla homoni haijafika nyuma, nusu ya mbele hugeuka kuwa pupa ngumu ya kahawia, ilhali nusu ya nyuma hubaki laini na nyeupe. Ukiidunga nusu hiyo ya nyuma tone la mchuzi, nayo ikakakamaa na kubadilika rangi, basi homoni imo. Umbo la molekuli yenyewe lilijulikana mwaka 1965. Mwaka uliofuata watafiti wa Australia walitumia tani nzima ya mabaki ya kamba koche kupata miligramu 2 za homoni iliyo ndugu yake.

Mwaka huohuo wa 1966 ndipo jambo lisilotarajiwa lilipotokea. Koji Nakanishi wa Japani, ambaye alikuwa akitafuta dawa za saratani katika majani ya mti wa Taiwan uitwao Podocarpus nakaii, alikuta steroidi (molekuli ya jamii ya kolesteroli) iliyofanana mno na ekidisoni. Ilipojaribiwa kwa wadudu, ikawaamrisha kujivua gamba. Aliiita ponasteroni A, na baadaye ilipatikana pia katika podo wetu wa Afrika Mashariki. Baada ya hapo mimea ya aina hiyo iligunduliwa kwa wingi: katika kangaga mmoja wa Ulaya, Polypodium vulgare, homoni hizi huweza kufikia takriban asilimia 1 ya uzito mkavu wa shina lake la ardhini, kiasi ambacho kingemfanya Karlson asikitikie pupa wake. Kuzitoa katika mmea nako si kugumu: mmea mkavu hulowekwa katika methanoli, mafuta huondolewa, kisha kinachobaki hupitishwa katika mrija wa silika ili kila kitu kitoke kwa zamu yake.

Mmea wako una historia yake Nairobi, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Nakanishi na Isao Kubo walifanya kazi huko, na mwaka 1976 walitangaza ajugarini, vitu vichungu vinavyomfanya kiwavijeshi akatae kula. Baadaye Kubo na wenzake waliwalisha viwavi wa pamba wa rangi ya waridi homoni za mmea huohuo, na walichokiona ndicho kilichonipa kichwa cha habari hii. Kiwavi alijenga kichwa kipya, lakini cha zamani hakikutoka. Akajenga kingine tena, hadi akawa na magamba matatu ya kichwa, lililoziba mdomo likiwa la mbele kabisa. Mdudu huyo hakufa kwa sumu tunayoifahamu. Alikufa njaa ndani ya nguo zake mwenyewe, kwa kuwa amri ya kujivua ilikuja bila kukoma.

Kuhusu mahindi yako, sikushauri. Homoni hizi hupenda maji kuliko mafuta, hivyo hazipenyi vizuri gamba la mdudu zikinyunyiziwa, na baadhi ya viwavi huzibadilisha tumboni na kuzitoa kama uchafu. Ndiyo maana viwanda vimetengeneza vitu kama tebufenozaidi, ambavyo si steroidi lakini hukalia kipokezi kilekile, yaani mahali kwenye seli ambapo homoni hushika, kwa ukaidi zaidi.

SWALI: Kijana wangu ananunua unga wa kujenga misuli ulioandikwa kwamba una homoni ya spinachi. Je, atajivua ngozi? (Mama wa Tanga)

JIBU: Hatajivua, mama. Homoni ya spinachi ni ya aina hiihii ya wadudu, lakini binadamu hana kipokezi chake, na sumu yake kwetu ni ndogo sana. Hata hivyo shirika la kimataifa la kupambana na dawa za michezoni, WADA, limekuwa likiifuatilia tangu mwaka 2020, kwa hiyo kama anashindana, amweleze daktari wa timu yake. Nayo spinachi inayotajwa ni Spinacia oleracea. Majani mengi mapana tunayouziwa sokoni kwa jina hilo ni ndugu wa kiazisukari.