Mnauliza, tunajibu: Barabara ya ubia, nani analipa?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mie nauza machungwa, napakia Muheza nashusha Dar. Sasa madereva wananambia Kibaha mpaka Chalinze inakuja barabara ya kulipia, eti ya ubia, mwekezaji analeta hela yake serikali haitoi kitu. Kama hela ni yake mie nalipia nini tena, wakati kwenye dizeli tayari nakatwa tozo ya barabara?
Mama Machungwa, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao madereva wamekupa nusu ya habari. Ni kweli kipande hicho, kilomita kama 79, kimepangwa kujengwa kwa ubia, lakini mwekezaji hatoi sadaka. Anaweka hela yake kidogo, kubwa anakopa benki, anajenga, halafu anakusanya getini miaka kibao (ile barabara ya juu ya kulipia kule Nairobi wamepewa 27) ndo airudishe serikalini. Kwahiyo riba ya benki na faida yake vyote vimo kwenye hiyo hela utakayotoa wewe, na kawaida serikali ingekopa yenyewe riba ingekuwa nafuu zaidi. Utauliza sasa ubia wa nini? Ni kwamba barabara haisubiri bajeti, na akijenga ovyo mashimo anaziba kwa mfuko wake. Kama mkataba umeandikwa vizuri lakini, maana mimi hapo ndo huwa sina usingizi. Magari yakipita machache kuliko walivyopiga hesabu, pengo anaziba nani? Kama serikali imemdhamini basi mwanangu utalipa kwenye kodi hata kama lori lako halijakanyaga lami yake.

Na sisi wa Tanga mambo haya si mageni. Reli yetu ilianza 1893 mikononi mwa kampuni binafsi ya Wajerumani, ikafika hapo hapo kwako Muheza 1896, kama kilomita 40 tu, hela ikakata. 1899 serikali yao ikaichukua ndo ikasukumwa Korogwe, Mombo, mpaka Moshi. Yaani faida ingepatikana ni ya kampuni, ilipopatikana hasara ikawa ya walipakodi. Mwaka 2007 tukarudia, reli ikapewa kampuni ya RITES ya India asilimia 51 na serikali 49, mkataba wa miaka 25, haukufika hata robo.

Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, NSSF, ule mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, walitoa asilimia 60 na serikali 40. Wengi wanaliita ubia, mie nasita kidogo, ile si hela ya wafanyakazi? Watu walilalamikia tozo za kuvuka pale mpaka 2022 zikapunguzwa. Asiyetaka kulipa inabidi apange foleni ya kivuko au azunguke Kongowe.

Ndo maana cha kumuuliza mbunge wako ni barabara ya zamani. Nairobi ya juu unalipa, ya chini bure. Ya zamani ikiachwa mashimo matupu basi hiyari inabaki jina tu. Kwa sasa usipandishe bei ya machungwa kwa maneno ya madereva. Siku geti likiwekwa piga hesabu ya dizeli inayoungua kwenye foleni na machungwa yanayosinyaa juu ya lori, huenda ukaona bora ulipe, huenda usione.

SWALI: Na barabara ya Pangani kwenda Bagamoyo nayo tutalipia?
Msomaji, Tanga mjini

JIBU: Hiyo sio ubia kaka. Daraja la Mto Pangani na kipande cha kutoka Mkange vina mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, serikali imekopa, serikali inalipa. Mkopeshaji atadai chake hata kama darajani anapita punda mmoja kwa wiki.