Kwa dada wa Shela aliyeambiwa mwanawe ana vifuko vya maji kichwani

Pole mdogo wangu. Hayo ya "vifuko viwili ubongoni, rudi baadaye turudie skeni" niliambiwa mimi pia, mimba ya wiki 20. Kutoka Malindi hadi gati la Mokowe sikusema neno, na boti ilipoanza kuvuka nikalia mpaka nahodha akanipa maji.

Vifuko hivyo hutokea pale panapotengenezwa maji ya ubongo. Vikiwa peke yavyo, mara nyingi hutoweka kufikia wiki ya 28 hivi, wala havipunguzi akili ya mtoto. Vyangu skeni ya pili havikuonekana. Madaktari huingiwa na wasiwasi vikiandamana na kasoro nyingine, kwani hapo huenda ikawa trisomi 18, yaani ugonjwa mzito wa kuzaliwa nao, ambapo mtoto ana nakala tatu za kromosomu ya 18 badala ya mbili. Basi usiulize "ni mzima?", utajibiwa "inshallah" urudi ulivyokuja. Uliza: vyumba vinne vya moyo vimeonekana vyema? Vidole vinafunguka? Ukuaji unalingana na wiki? Na majibu yaandikwe kwenye kitabu chako cha kliniki.

Mama mkwe usimwambie kwanza. Mimi nilimwambia, kufika magharibi mtaa mzima wa Langoni unanipa pole.