Kisu cha springi, na ile rangi ya buluu

Kisu changu cha kwanza cha maana nilikiharibu mwenyewe, kwa uvivu. Alinifulia mhunzi mmoja huku Wete, Pemba, kutokana na springi ya gari bovu, akatia mpini wa mpera. Sura hakikuwa nayo. Mama aliniuliza nimekiokota wapi. Alipokatia pweza tu, akauliza kama nitamwachia.

Kilipoanza kuwa butu, nikaona tabu kukaa na kinoo. Nikampelekea jamaa mwenye mashine ya umeme. Cheche zikaruka dakika mbili, kwa bei ya chai na maandazi kikarudi kinanyoa malaika ya mkono. Niliona ubuluu umetambaa kwenye makali, nikadhani ni pambo! Wiki haikwisha, makali yakawa yanajikunja kama bati.

Mhunzi alikigeuza mara moja tu. "Kimeungua hichi, mwanangu."

Chuma cha springi hupata ugumu wake kwa kuchomwa na kutiwa maji au mafuta. Mashine ikikipasha joto mpaka nyuzi 300 hivi, hugeuka buluu na makali hulegea. Hapo kinoo hakisaidii. Ama usage ile sehemu yote, ama kirudi motoni.

Kwa hiyo noa kwa mkono. Rowesha kinoo, inua mgongo wa kisu kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, na usibadilishe mwinamo huo. Sugua upande mmoja mpaka kidole kihisi ukwaru umejitokeza upande wa pili, ndipo ugeuze. Wengi huachia njiani kabla ya ukwaru, kisha wakalaumu jiwe.

Visu vile vinavyong'aa vya soko la Darajani, Unguja, sivikatai. Kwa ndimu na embe mbichi ninacho kimoja, maana ukali wa ndimu hukitia weusi kisu cha springi. Ila kabla ya kulipa, shika bapa la kisu, tikisa mpini. Ukicheza hata kidogo, mrudishie mwenyewe.

Na hii hewa yetu ya chumvi haina huruma: osha, futa, paka mafuta ya nazi kidogo. Usikilaze ndani ya ala ya ngozi, unyevu hukaa humo.

Kisu changu kilirudi motoni, kikatoka kifupi kidogo. Kiko kwa Mama. Nikikitaka huniambia nikafuliwe kingine.