Barua kwa mwanangu: ukimya wa darasa lako

Dodoma, Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza peke yangu na ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie, na tumeshukuru kujua kwamba u mzima na kwamba umeshawazoea majirani zako wa Khon Kaen. Huku upepo wa kipupwe bado unavuma na vumbi linaingia hadi ndani ya kabati la vyombo.

Umeniuliza kwa nini wanafunzi wako wa Thailand, ambao kila asubuhi wanakuamkia kwa viganja vilivyokutanishwa na kichwa kilichoinamishwa, wananyamaza kabisa unapowataka waseme Kiingereza, na ukiwauliza kama wameelewa wanaitikia ndiyo kwa pamoja, ilhali madaftari yao yanaonyesha kwamba hawakuelewa. Umeuliza pia kama kosa ni lako kwa kuwa u mgeni. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na mwaka 1992 niliishi ukuta kwa ukuta na mwalimu mgeni aliyekuwa na swali hilohilo, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Alikuwa msichana wa miaka 23 kutoka Uingereza, mwalimu wa kujitolea, aliyeletwa katika shule yetu ya bweni huko Kongwa. Maji ya ndoo, taa ya chemli na ugali wa uwele kwa mlenda alivizoea upesi kuliko tulivyotarajia. Kilichomshinda ni Kidato cha Kwanza. Watoto wale walikuwa wametoka shule za msingi walikofundishwa kwa Kiswahili, na wengi wao nyumbani walisema Kigogo, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa kwao lugha ya tatu, na ghafla kikawa ndicho lugha ya kila somo.

Siku moja nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lake nikisahihisha madaftari. Alimwinua mvulana mmoja mwembamba na kumuuliza kwa Kiingereza huamka saa ngapi. Mtoto akafikiri, akajibu, “At eleven o'clock.” Mwalimu akacheka, akarudia jibu kwa mshangao, kwa sababu alilosikia yeye ni saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Mtoto alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo yeye na wenzake walishuka bombani kuchota maji ya bweni. Akainamisha macho. Mwalimu akamwambia amtazame anapozungumza naye, na yule mtoto, aliyelelewa kutomkazia macho mkubwa wake, akazidi kutazama sakafu. Darasa zima likanyamaza, na ukimya ule ukadumu wiki nzima.

Jioni alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda na kuniuliza kama wanafunzi wanamchukia. Nikamweleza habari ya saa, kisha habari ya macho. Alikaa kimya muda mrefu, mikono imeshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mwisho wa wiki alichora saa mbili ubaoni, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, akasimama mbele ya yule mvulana na kusema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, “Samahani, mimi nilikosa saa.” Msichana mmoja akanyoosha mkono na kumsahihisha: “Nilikosea, mwalimu.” Naye akarudia: “Nilikosea.” Kuanzia hapo walisema. Walikosea sana, lakini walisema, kwa kuwa walishamwona mwalimu wao akikosea mbele ya watu na kubaki mwalimu.

Kwa hiyo sioni kwamba kosa ni ugeni wako. Hiyo staha wanayoiita kreng jai, uliyonieleza kuwa ni kuogopa kumsumbua au kumwaibisha mwenzio, wewe umelelewa nayo kwa jina jingine. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumwambia mwalimu wake kwamba hakuelewa, maana ni kama kumwambia hakufundisha vizuri. Basi usiwaulize kama wameelewa. Wape kazi itakayokuonyesha. Waache kwanza wasemezane wawili wawili, kwa sauti ya chini, ndipo umwinue mmoja.

Kuna jambo ulilo nalo ambalo yule mwenzangu hakuwa nalo. Ulipokosa kazi Korea Kusini kwa sababu visa yao ya walimu wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi chache na Tanzania haimo, uliumia, na sasa unaniandikia kuhusu mzazi aliyetaka kujua kwa nini shule haikuleta Mzungu. Maneno hayo yameniuma na mimi. Lakini wewe Kiingereza ulikisoma, hukuzaliwa nacho. Wanafunzi wako wakimwita mama “he,” unajua kosa linatoka wapi, kwa kuwa kwao khao ni mume na ni mke, kama yeye yetu. Wakimalizia “school” kwa sauti ya n, kumbuka kwamba wenzako wa Dodoma waliiongezea irabu mwishoni, na hakuna aliyekufa. Matamshi yatakuja wakishaanza kusema.

Jifunze Kithai mbele yao. Majirani wanaokuuliza kila siku kama umekula wali na unakwenda wapi hawakupelelezi. Ni salamu, wajibu, kisha yapeleke makosa yako darasani. Umesema walipoandika mwaka 2568 ulidhani wanatania, kumbe wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543. Na umenitajia, kama jambo dogo tu, kwamba saa tatu usiku wao nao huitaja kwa tatu, saam thum, wakati Kiingereza husema tisa. Mwanangu, hilo si dogo. Jumatatu chora saa za aina tatu ubaoni, ya Kithai, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na uitaje ya Kithai wewe mwenyewe, hata kama toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti, itapotea. Anza na yule mvulana wa dawati la nyuma, umwombe akusahihishe, kisha uniandikie alisema nini.

Mama yako