Jibu: Tuanze na nini ofisi za jiji zikifunguliwa tena?

Kaka, umeuliza kipi kitangulie ofisi za huduma zikifunguliwa wakati ugonjwa bado upo: vipima joto mlangoni au kupunguza watu. Mimi ningeanza na kufungua madirisha, hewa ipite. Kipima joto hakimwoni aliyeambukizwa na hana homa, na Korona ilijaa watu wa aina hiyo.

Kupunguza watu kunasaidia, lakini kumbuka Nairobi 2020. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8. Sawa, ndani kukapumulika, ila nauli ikapanda, na asiyeiweza akatembea. Halafu kafyu ya mwezi Machi ikaanza saa 1 usiku, basi jiji zima likawa linakimbilia stejini jioni ileile. Umbali ulioupata ndani ya gari uliupoteza kwenye foleni ukisubiri hilo gari! Juni ikasogezwa hadi saa 3 usiku, tukapumua kidogo.

Kwa hiyo usifupishe saa za ofisi. Zirefushe. Fungua mapema, wape watu miadi kwa simu, na foleni ikae nje, kwenye kivuli, si kwenye korido. Wazee na wajawazito wawe na dirisha lao la kuhudumiwa. Mhudumu avae barakoa vizuri, maana yeye ndiye anayekutana na watu wote.

Ndoo ya maji na sabuni iwepo, bila shaka, ila isiwe ndiyo mpango mzima. Virusi vya Korona husafiri zaidi kwa hewa.