Jioni ya jangwani Dubai: kwanza sema unakwenda na nani

Kila baridi inapoanza hapa Dubai, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki wanaokuja. Wengine wanafuata mzigo Deira na Dragon Mart, wengine wanakuja kuwaona watoto wao wanaofanya kazi huku, na karibu wote wanataka jioni moja jangwani: gari kwenye vilima vya mchanga, machweo, ngamia, mishikaki, ngoma. Wananiuliza kampuni gani nzuri. Mimi nawauliza kwanza: unakwenda na nani?

Nauliza kwa sababu jioni inayomsisimua kijana inaweza kumvuruga mgongo mama yake. Onyesho linalowafurahisha wafanyakazi wenzako linaweza kumfanya baba mkwe wako akae ameinamisha macho mpaka sahani ziondolewe. Kampuni ni nyingi, na nyingi zinauza kitu kilekile. Wageni wengi hawajui kwamba kitu hicho ni vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja, na ukisema mapema vinaweza kufunguliwa: wewe ukachukua hiki, mwenzako akaacha kile, na bado mkala meza moja.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Gari hukuchukua hotelini kati ya saa 8 na saa 9:30 alasiri. Linafuata barabara ya Hatta mpaka Lahbab, mwendo unaokaribia saa moja kutoka mjini, ambako mchanga ni mwekundu kwa sababu punje zake zimefunikwa na kutu ya chuma. Hapo mnapanda na kushuka vilima kwa nusu saa hivi, mnasimama kupiga picha na kuteleza kwa ubao, kisha mnaingia kambini. Saa 3 au 3:30 usiku mnakuwa njiani kurudi. Angalia sana saa ya kuchukuliwa. Desemba jua huzama karibu saa 11:30 jioni, Juni huzama baada ya saa 1. Ukichukuliwa saa 9:30 mwezi Desemba, gari likapitia hoteli tatu nyingine na kusimama kwenye duka la vinywaji njiani, machweo utayaona kupitia kioo cha gari. Na machweo ndiyo bora kuliko vyote utakavyolipia. Mchanga hubadilika rangi mbele ya macho yako, upepo unatulia, na mahali palipokuwa na kelele za injini panakuwa kimya ghafla. Omba uwe juu ya kilima dakika 20 kabla ya magharibi, na umwambie dereva hivyo kabla hajawasha gari.

Sasa hivyo vilima. Kabla ya kuingia mchangani dereva husimama na kutoa upepo kwenye matairi, mara nyingi mpaka ubaki karibu nusu ya ule wa barabarani. Tairi likilegea hulala na kukanyaga eneo pana, ndiyo maana Land Cruiser nzito haizami. Hicho ndicho kituo chako cha kukagua. Je, mikanda yote inafunga, pamoja na ya kiti cha nyuma kabisa? Je, ndani ya gari kuna vyuma vya kukinga paa lisibonyee gari likipinduka? Ukikuta mkanda umekatika, kataa kiti hicho na usione haya. Dereva mwenye leseni na uzoefu hatakasirika, na anayekasirika amekwishakujibu.

Mjamzito asiingie kwenye vilima, hata mimba iwe changa kiasi gani. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya mgongo au shingo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mtoto mchanga. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wakificha hali zao ili wasiharibu furaha ya wenzao, halafu wakateseka njia nzima. Kwa wengine, tatizo kubwa ni tumbo. Kula mchana, lakini chakula chepesi, na umalize muda wa saa mbili kabla ya kuondoka. Anayechafukwa na roho kwenye basi la Tanga au la Mombasa atachafukwa zaidi huku, basi anunue dawa ya kichefuchefu duka la dawa na kuimeza mapema, maana ikimezwa gari likiwa limeshaanza kuyumba haisaidii sana. Mkalishe mbele, si kiti cha nyuma kabisa ambako kila mruko unapiga mara mbili, na macho yake yawe kwenye upeo wa mbali badala ya simu.

Mama yangu mkubwa alipokuja kututembelea kutoka Tanga, magoti na kiuno vilikuwa havimruhusu mambo haya. Watoto walidhani atabaki nyumbani. Niliwasiliana na kampuni siku mbili kabla, nikaeleza kwamba mmoja wetu ni mzee na anataka kupelekwa moja kwa moja kambini kwa njia ya kawaida, wengine wapite vilimani. Wakakubali bila nyongeza yoyote ya bei. Tulipofika, tulimkuta amekaa kwenye mito, kahawa mkononi, ameshamaliza kupakwa hina na anaongea na familia moja kutoka Maskati waliokuwa wanazungumza Kiswahili cha Unguja. Aliniambia baadaye kwamba ile saa moja ya kukaa peke yake na kutazama jua likishuka ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Kwa hiyo nasema: usimwache mzee nyumbani. Uliza kama njia ya kwenda kambini inapitika kwa gari la kawaida. Kambi nyingi zinapitika.

Kuhusu bei, za kushiriki gari na wageni wengine zinatofautiana sana, kuanzia chini ya dirhamu 100 kwa mtu hadi mamia kadhaa, na dirhamu 3.67 ni dola moja, hivyo hesabu ni rahisi kuifanya kabla hujafungua pochi. Bei ya chini kabisa mara nyingi ina sababu. Mdogo wangu aliuziwa tiketi na wakala mmoja wa barabarani pale Deira. Likaja basi badala ya gari alilooneshwa kwenye picha, wakashushwa kwenye uwanja wa pikipiki za magurudumu manne, wakawekwa hapo muda mrefu huku wakishawishiwa kulipia pikipiki. Mwisho wakahamishiwa gari jingine lililowazungusha mchangani dakika chache tu. Hakuna aliyemwibia, kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa herufi ndogo, lakini jua lilizama akiwa kwenye foleni.

Kwa hiyo maswali yako yaulize kwa maandishi, WhatsApp inatosha, ili majibu yabaki. Tutakuwa watu wangapi kwenye gari? Tutakaa vilimani dakika ngapi? Tutasimama wapi njiani na kwa muda gani? Bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5? Kambini nini ni bure na nini kinalipiwa? Hapa watu hushtuka: picha na ndege kozi, shisha, pikipiki, meza za mbele zenye huduma ya kuletewa chakula, picha wanazokupiga na kukuuzia. Hakuna ubaya kulipia, ubaya ni kutojua. Pia hakikisha kampuni ina leseni ya idara ya uchumi na utalii ya Dubai. Usimlipe mtu asiyeweza kukuonesha jina la kampuni lililo kwenye leseni.

Nije kwenye maonyesho, kwa sababu hapa nina la kusema kutoka moyoni. Kambi nyingi zina mambo matatu: mchezaji wa tanoura anayezunguka na sketi yenye taa, mchezo wa moto, na mwanamke anayecheza kwa kukata kiuno akiwa na mavazi mafupi. Tanoura ni sanaa ya Misri yenye mizizi kwa masufi, na mchezaji hodari anaweza kuzunguka muda mrefu mpaka ukashika pumzi wewe badala yake. Naipenda. Mchezo wa moto unawafurahisha watoto, ila wakalishe mbali kidogo na jukwaa upande upepo unakotoka. Ule wa kiuno si wa jangwa hili hata kidogo, na kwa familia zetu nyingi, hasa ukiwa na wakwe au wazazi, ni mzigo. Unaweza kuomba kambi ya kifamilia isiyo na mchezo huo. Zipo. Uliza pia kama kambi inauza pombe, na kama kuna mahali safi pa kusali magharibi, wanawake na wanaume. Wakikujibu kwa mkato, tafuta wengine.

Linaloniuma ni kwamba mgeni hurudi nyumbani akidhani hiyo ndiyo sanaa ya watu wa hapa, na yenyewe haikuoneshwa. Wenyeji wa Imarati na Oman wana al-ayyala, safu mbili za wanaume wanaoelekeana wakiwa na fimbo nyembamba, ngoma katikati, mashairi yakipokezanwa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Wana taghrooda, mashairi yaliyokuwa yakiimbwa na wapanda ngamia safarini, yaliyoingia kwenye orodha hiyo mwaka 2012. Na wana liwa, ngoma ya duara yenye zumari, iliyokuja Ghuba pamoja na watu wenye asili ya Afrika Mashariki, ambayo ndani ya nyimbo zake bado yamo maneno ya Kiswahili. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama nikitafuta nani ameimba neno nililolielewa. Ukipata kambi yenye ayyala au liwa, hata ikiwa na dirhamu 50 zaidi, lipa. Na usipoipata, iulizie. Kampuni zinaleta kile wateja wanachoulizia, nasi ni wateja wengi kuliko tunavyojidhania.

Chakula hakitakushangaza sana kama umekulia pwani. Mishikaki ya kuku na nyama, wali wa mandi, hummus, saladi. Ukiona harees, hiyo ni bokoboko, na luqaimat ni kaimati zilizomiminiwa asali ya tende, zichukue zikiwa moto. Foleni ya bufee huwa ndefu mwanzoni, subiri kidogo. Kahawa hutiwa kidogo kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono, na mtiaji ataendelea kuja mpaka ukitikise kikombe kuonesha umetosheka. Pokea kwa mkono wa kulia.

Ngamia akiinuka hutanguliza miguu ya nyuma, kwa hiyo utatupwa mbele, basi egemea nyuma na ushike kishikio kwa mikono miwili, bila simu. Akikaa hupiga magoti ya mbele kwanza, egemea nyuma tena. Mtazame kabla ya kumpanda. Ukiona vidonda vya kamba puani au anapigwa ili ainuke, usipande, na sema kwa nini.

Kama unakwenda na mtu asiyependa kelele kabisa, au mpenda wanyama, iache Lahbab. Tafuta kampuni chache zilizoruhusiwa kuingia hifadhi ya jangwa ya Dubai, eneo la kilomita za mraba 225, karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya Dubai. Bei yake ni kubwa zaidi na gari huenda polepole, lakini utaona swala na choroa wa Uarabuni, mweupe na mdogo kuliko choroa wetu wa kaskazini mwa Kenya. Wa mwisho porini waliuawa Oman mwaka 1972, na waliorudishwa kuanzia mwaka 1982 walitokana na waliofugwa. Utaona pia mti wa ghaf, mti wa taifa wa Imarati, ndugu wa mathenge, ule mti unaowasumbua watu wa Baringo kule Kenya, ila huyu kwao ni heri na kivuli.

Vitu vya kubeba ni vichache. Kanga ni bora kuliko skafu yoyote ya kununua pale: inafunga kichwa upepo ukivuma, inatandikwa, inakuwa shuka jioni. Desemba hadi Februari beba sweta zito, maana jangwa hupoa haraka baada ya magharibi na wengi hutetemeka wakati wa chakula. Simu na kamera weka kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, mchanga ukiingia kwenye lenzi hautoki. Nenda msalani kabla ya kutoka hotelini, kwani vyoo vya uhakika mtavikuta kambini. Miezi ya Juni hadi Agosti joto la mchana hupita nyuzi 40, na mimi simpeleki mgeni wangu wakati huo, mtoto wala mzee. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, kambi nyingi huondoa muziki na ngoma na kubakisha futari, machweo na utulivu. Kwa wazazi wetu, huo ndio wakati ninaoupendekeza kwanza.

Na kwa wafanyabiashara: msiiweke safari hii usiku wa kuamkia ndege. Mtafika hotelini mmechoka, mchanga umejaa masikioni, na mzigo bado haujapimwa. Iwekeni siku ya pili baada ya kufika, mkiwa bado na nguvu, na muwe na nafasi ya kusogeza mbele endapo upepo wa mchanga utavuma na kampuni ikaahirisha.