Nyumba salama inataka aache methadoni kwanza. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam. Nina mama wa miaka 29, alikuwa anatumia unga (heroini), sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa anayopewa kliniki badala ya unga, na alikuwa anaendelea vizuri. Mumewe anampiga, na juzi alimkaba shingo. Amekosa dozi siku nne kwa sababu mume anamsubiri getini kliniki. Nyumba salama niliyoiomba impokee inasema haichukui mateja, aache dawa zote kwanza. Ndugu wa mume nao wanataka wakae wayamalize. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwenye hizo siku nne. Mwili uliokosa methadoni hupoteza upesi uzoefu wake wa kuihimili dawa. Mama huyo akinywa leo dozi ileile ya zamani, au arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikimzidi akarudia kete za unga alizokuwa akizimudu, anaweza kuacha kupumua. Mpeleke kliniki leo, na aseme ukweli wa siku alizokosa. Mgonjwa akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, daktari humpima upya, na mara nyingi hupunguza dozi kisha kuipandisha taratibu. Wengi huficha kwa kuogopa kufokewa dirishani, kwa hiyo tangulia wewe ukaongee na muuguzi. Mwonye pia asitulize arosto kwa pombe wala valiam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, maana vyote viwili vikikutana na methadoni hudidimiza pumzi.

Kabla hamjaondoka hospitali, daktari aitazame shingo. Usidanganywe na ngozi isiyo na alama. Muulize kama sauti imekwaruza, kama anameza kwa shida, kama alizimia au alijikojolea wakati anakabwa. Mshipa wa shingo ukijeruhiwa ndani, kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye. Watafiti wa mauaji ya wanawake yanayofanywa na wenza wao wanaihesabu historia ya kukabwa miongoni mwa dalili kubwa za hatari, kwa hiyo usiiandike kwenye faili kama “ugomvi wa kifamilia”. Andika “alikabwa”, kwa mkono au kwa kitu gani, tarehe gani. Muulize kwa faragha pia kama alilazimishwa tendo la ndoa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

Sasa hao wa nyumba salama. Hawana nia mbaya, ila wanaomba kitu cha hatari. Kumwachisha methadoni ghafla mtu aliyetoka kupigwa ni kumrudisha mahali pawili: kwenye unga, na kwa mwanamume anayejua unga unapatikana wapi. Waeleze kwamba methadoni ni tiba, na hospitali zetu zinaitoa tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011. Msimamizi wa nyumba atatulia zaidi akijua kwamba kwa kawaida dozi hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, hivyo hakuna chupa itakayoingia kwake. Kama mama huyu ameruhusiwa kubeba dozi, ifungiwe kwa ufunguo. Dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto, na nyumba hizo zina watoto wengi.

Tatizo la mume kumsubiri getini nalo lina dawa yake. Kliniki ni mahali ambapo mume anajua mkewe lazima afike kila siku, jambo ambalo nadhani sisi wa huduma za uraibu tulichelewa kuliona kama tatizo letu. Omba abadilishiwe muda, au ahamishiwe kliniki nyingine ya jiji ambayo mume haijui, na kwa siku za mwanzo asindikizwe na mwelimishaji rika, yaani mtu aliyepitia uraibu kama yeye na sasa anawasaidia wenzake. Kisha ombeni faili lifunguliwe muone jina la ndugu msindikizaji. Kliniki hupenda mgonjwa awe na mtu wa karibu wa kumfuatilia, na mara nyingi huyo huwa mume, ndiye anayepigiwa simu mgonjwa asipotokea. Jina na namba vibadilishwe siku hiyohiyo. Bila hivyo, kumhamisha ni kazi bure.

Muulize pia, mkiwa wawili tu, nani alikuwa analeta unga nyumbani. Wanawake wengi ninaowahudumia walipewa kete ya kwanza na mwenza, na mwenza huyohuyo ndiye anayeficha nauli ya kliniki au kutishia kwamba akisema, mtoto atachukuliwa kwa sababu mama ni teja. Ukilijua hilo, hutasema “amerudia” kana kwamba aliamka tu akaamua.

Kwenye kikao cha ndugu, usimpeleke mama huyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hivyo hapo hakuna cha kuyamaliza. Ushauri wa pamoja wa wanandoa nao ukatae kwa sasa, maana atakachosema mbele ya mume atakilipia nyumbani. Dawati la jinsia na watoto la polisi nenda naye mwenyewe, kwa sababu akienda peke yake anaweza kuanza kuhojiwa kuhusu unga kabla ya kipigo.

Akishapokelewa, kubalianeni na nyumba jambo moja kwa maandishi: ndani hakutumiwi kitu, lakini akiteleza nje harudishwi mtaani usiku huo. Anapigiwa mshauri wake, na asubuhi anaenda kunywa dozi. Mkimwona anatetemeka na kutokwa jasho, msimhukumu haraka, ulizeni kwanza kama ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hushusha methadoni mwilini, na arosto hurudi kwa mtu ambaye hajagusa kete. Hapo dozi yake ndiyo ya kurekebishwa, na daktari wa kliniki ajulishwe siku hiyo.